NFL inajua kugawana, lakini haijui kulipa



Wengi mnajua kama mimi niko mtu wa NFL, ile ligi ya mpira wa miguu wa Kiamerika wenye unachezwa zaidi na mikono. Ni karibu miaka makumi mbili naifwata. Super Bowl inaanza saa saba na nusu za usiku kwa saa za Lubumbashi, saa sita na nusu kwa wale wa Kinshasa, na asubuhi yake tunaenda kazini macho mekundu sawa vile watu wametoka matanga. Kwa hiyo haya naandika si maneno ya adui. Ni ya mtu wa ndani.

Hapa kwetu napata wabishi wa aina mbili. Wa kwanza wanasema: "Yaya, ile iko mupira gani? Batu banajigonga vichwa sawa mbuzi dume, halafu kila dakika banasimama." Wa pili ni wale walioingia juzi juzi, wanapenda kila kitu: "Wamarekani banajua kupanga mambo, ligi iko safi, sisi tuige." Kwa wa kwanza najibu: mnakosea juu ya mchezo. Kwa wa pili najibu: mnakosea juu ya wenye mchezo. Wacha nieleze yote mawili.

Tuanze na mchezo. Ekipe yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, ni kusema metre tisa na kitu. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wengine. Njo hivyo tu. Na ni kweli, wanasimama sana: gazeti Wall Street Journal lilipima mwaka 2010, likakuta kwamba katika matangazo ya saa tatu, mpira wenyewe uko katika mwendo dakika 11 tu. Wabishi wanapenda sana hiyo namba. Lakini kule kusimama njo nusu ya mchezo. Wakati wamesimama, makocha wawili wanasomana. Huyu anajificha, yule anabahatisha. Kisha watu 22 wanafanya kwa sekunde tano kile walichorudilia juma nzima. Mwenye kucheza dama pale kwa kinyozi anaelewa: hakuna mtu anayehesabu muda wa mkono kusogeza kete. Tunahesabu ile kimya ya mbele yake.

Mfano mmoja. Super Bowl ya mwezi wa pili 2015, Seattle Seahawks na New England Patriots. Seattle wako nyuma 24 kwa 28, wamebakiza sekunde 26, na mpira uko yadi moja tu kutoka mstari. Wana Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu za trakta. Dunia nzima inasema: mpe Lynch. Kocha Pete Carroll akaagiza pasi. Malcolm Butler, kijana mpya mwenye hakuchaguliwa na ekipe yoyote siku ya uteuzi, akaruka mbele na kuinyakua. Mwisho. Tangu siku ile Carroll anaitwa mpumbavu. Mimi nakataa. Alibakiza taimauti moja tu, na pasi iliyoanguka chini inasimamisha saa, kumbe mkimbiaji akiangushwa saa inaendelea. Hesabu yake ilikuwa na maana. Kilichomwua ni kwamba Butler alikuwa ameshindwa na mtego ule ule katika mazoezi ya Patriots, na safari hii aliukumbuka. Katika mpira gani mwingine mazoezi ya katikati ya juma yanaonekana wazi hivi mbele ya macho yako?

Na kuna kitu kingine ninachokipenda, chenye kamera hazipendi. Ni wale watano wanene wa mbele, walinzi wa kwotabeki. Hawagusi mpira, isipokuwa wa katikati anayeupitisha kati ya miguu yake kuanzisha mchezo. Hawafungi. Jina lao linatajwa wakikosea tu. Ila bila wao Tom Brady ni mzee mwenye mkono mzuri amelala chini. Kila kazi ina watu wa namna ile. Hata katika chama chetu hiki tunawajua wenye wanapanga viti. Muwaweke akilini, nitawarudilia.

Sasa ligi yenyewe. Kitu kizuri kuliko vyote ambacho NFL ilifanya hakikuwa uwanjani. Mwaka 1961, kamishna wake kijana, Pete Rozelle, alisadikisha matajiri wa miji mikubwa wauze haki za televisheni pamoja na kugawana sawa kwa sawa. Kongresi ikapitisha sheria ya kuruhusu hilo mwaka ule ule. Njo maana Green Bay, mji wa watu laki moja na kitu, wenye ekipe inayomilikiwa na wananchi wenye hisa, unapata franga za televisheni sawa na New York. Ongeza drafti, iliyoanza 1936, yaani ekipe ya mwisho inachagua ya kwanza kati ya vijana wapya. Ongeza kikomo cha mishahara cha tangu 1994. Matokeo yake ni kwamba hakuna mji unaohukumiwa kuwa masikini milele.

Waulize watu wa Detroit. Mwaka 2008 Lions walishindwa mechi 16 kati ya 16. Mwezi wa kwanza 2024 walishinda mechi yao ya kwanza ya mtoano tangu miaka 32, na walipofika nusu fainali walikuwa mbele ya San Francisco 24 kwa 7 wakati wa mapumziko, kabla ya kupoteza 34 kwa 31. Watu wazima walilia. Lakini walilia wakiwa karibu na mlango wa Super Bowl. Kwetu, mara nyingi mtu anataja ekipe mbili tatu mbele msimu uanze, na bingwa anatoka humo. Ekipe ya mji mdogo inaomba tu isikose mafuta ya bisi. Kwa hilo tu, wapenzi wapya wako na haki: kuna cha kuiga.

Lakini angalieni wanagawana nani na nani. Ni matajiri na matajiri. Kati yao ni ujamaa kamili: kapu moja, sahani sawa. Ukitoka tu nje ya mlango wao, ujamaa umekwisha. Wachezaji walipogoma 1987, wenye ekipe waliingiza watu wengine wacheze mechi tatu mahali pao, na mgomo ukavunjika. Mpaka leo, mikataba mingi ya NFL haina dhamana yote: unasikia "dola milioni 80 kwa miaka minne", kumbe sehemu kubwa ni ahadi ya hewa, ekipe inaweza kumfukuza mwaka wa pili na kubakia na franga zake. Katika mchezo wenye kuvunja watu kuliko michezo yote mikubwa, wachezaji njo wenye mikataba dhaifu.

Na miji? San Diego, Oakland, St. Louis zote zilipoteza ekipe zao kati ya 2016 na 2020, juu ya kiwanja kipya na soko kubwa. Raiders walipoenda Las Vegas, kodi ya hoteli ya kule ililipa dola milioni 750 za uwanja. St. Louis walienda mahakamani, na mwaka 2021 ligi ikakubali kulipa milioni 790. Uzuri kwa St. Louis, lakini mtoto aliyekua na kofia ya Rams kichwani hakurudishiwa chochote.

Sasa tuwarudilie wale wanene wa mbele.

Mike Webster alicheza katikati misimu 17, mingi kati yake Pittsburgh, akashinda Super Bowl nne. Alikufa 2002 akiwa na miaka 50, baada ya maisha ya kupotewa na akili, kulala ndani ya gari, kusahau. Daktari aliyepasua maiti yake alikuwa mtoto wa Afrika, Bennet Omalu, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh. Yeye hakuwa hata mpenzi wa mchezo. Aliona ubongo kwa nje unaonekana mzima, akakataa kuridhika, akauchunguza na kukuta ugonjwa unaoitwa kwa herufi CTE, wenye unatoka kwa kugongwa-gongwa kichwa miaka na miaka. Alichapisha 2005. Madaktari wa kamati ya ligi wakaandika kudai makala yake iondolewe. Ligi ilikaa mpaka 2016 ndipo kiongozi wake mmoja akakubali mbele ya wabunge kwamba kuna uhusiano kati ya mchezo na CTE. Miaka 11!

Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitoa hesabu: katika bongo 111 za wachezaji wa zamani wa NFL, 110 zilikuwa na ugonjwa ule. Tuwe wa haki: familia zilizotoa bongo zile nyingi zilikuwa zimeona dalili tayari, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mchezaji anaugua. Lakini 110 si bahati mbaya.

Kilichonichoma zaidi kilikuja nyuma. Ligi ilikubali fidia kwa wastaafu, korti ikapitisha 2015, na malipo yamekwisha kupita miliari moja ya dola. Vizuri. Ila katika kupima nani amepoteza akili, walikuwa wanatumia kipimo chenye kudhani kwamba mtu mweusi anaanza na akili ya chini kuliko mweupe. Ni kusema, mzee mweusi alipashwa kuharibika zaidi ili alipwe sawa na mwenzake mweupe. Hii si habari ya wakati wa ukoloni, ndugu. Wachezaji wawili weusi walienda mahakamani 2020, na ligi ikaahidi kuacha 2021. Wengi wa wachezaji wa NFL ni weusi. Wale wale ambao mwaka uliotangulia viwanja viliandikwa kwa ajili yao "Komesheni ubaguzi" kwa herufi kubwa kwenye majani.

Unganisha na Colin Kaepernick, aliyepiga goti wakati wa wimbo wa taifa 2016 kupinga polisi kuua weusi. Kwotabeki mwenye aliifikisha San Francisco Super Bowl. Tangu mkataba wake uishe mwanzoni mwa 2017, hakuna ekipe hata moja iliyompa kazi. Mwaka 2020 kamishna Roger Goodell akasema ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji. Jina la Kaepernick hakulitaja katika video ile, na kazi hakurudishiwa. Kwa mila zetu, mtu akikiri deni bila kutoa kitu, hajakiri.

Kuna atakayesema: "Hayo ni ya Wamarekani, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Québec. Mwaka 1995 alikimbia yadi 313 katika mechi moja, Michigan ikaipiga Ohio State, na 1996 Carolina ikamchagua wa 8 katika drafti nzima. Majeraha yakamrudilia-rudilia, baada ya misimu sita, 2001, ilikuwa imekwisha. Yule alipitia Canada. Sasa ligi inakuja yenyewe: 2022 ilifanya kambi Accra kutafuta vijana wa Kiafrika. Watoto wetu warefu, wenye nguvu, wenye njaa ya visa, wanawaona. Siku watafika Goma ao Lubumbashi na kofia na mipira ya bure, ba-papa na ba-mama watafurahi. Njo pale nataka ninyi, madaktari na wanasheria wa chama hiki, muwe mmesoma mbele.

Mimi sitaacha kuangalia. Sitadanganya watu hapa. Mwezi wa tisa ukifika, siku ya Mungu saa moja jioni niko mbele ya kioo, kama umeme upo. Kuacha kwangu hakutalipa matibabu ya mtu yeyote. Lakini mpenzi anapashwa kudai. Nadai tatu: mikataba yenye dhamana sawa na michezo mingine mikubwa ya Marekani; matibabu ya wastaafu ya maisha yote bila kupimwa rangi; na kusahau wazo la mechi ya 18, maana walikwisha kuongeza ya 17 mwaka 2021 na mwili wa mtu haukuongezeka.

Na kwa watoto wetu nadai moja zaidi. Kuna aina ya mchezo huu ambamo haugongani na mtu: unamnyanganya kitambaa kinachoning'inia kiunoni, basi amekamatwa. Utachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Ujanja wote ninaousifu uko mle ndani, kasoro kichwa kupasuka. Wakija na ule, tuwafungulie viwanja vya shule zetu. Wakija na kofia ngumu kwa mtoto wa miaka kumi, tuwaulize kwanza karatasi ya bima iko wapi, na nani ametia sahihi.

Wenye kubisha, andikeni hapa chini. Docteurs wetu, nawangojea zaidi ninyi: mtoto wako mwenyewe, ungemwacha acheze?