Riwaya Mbele ya Wazee

Mtu yeyote anayefikiria kusomea udaktari wa utunzi angefaa asome kwanza riwaya moja kutoka Kongo kabla hajajaza fomu yoyote. Georges Ngal aliichapisha Lubumbashi mwaka 1975 na kuiita *Giambatista Viko ou Le viol du discours africain*. Mhusika mkuu ni msomi wa chuo mwenye tamaa moja: kuandika riwaya itakayobeba nguvu ya masimulizi ya wazee ndani ya umbo lililotoka Ulaya. Anahangaika na kurasa tupu, anapanga mbinu, na hatimaye wazee wenyewe wanamkamata na kumfungulia kesi kwa kulinajisi neno lao. Ngal alikuwa daktari wa fasihi, mtu aliyeandika tasnifu juu ya Aimé Césaire huko Fribourg, Uswisi. Alijua vizuri jinsi baraza la maprofesa linavyoweza kumtoa mtu jasho. Hata hivyo, baraza alilolichora kwa hofu kubwa zaidi ni lile la wazee.

Hapa Uvira, mji uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, vijana wanaoandika huuliza: “Mwalimu, kweli mtu anaweza kuitwa daktari kwa sababu ya riwaya?” Anaweza. Katika vyuo vyetu vya Kivu mwanafunzi wa fasihi amezoea kuandika *juu ya* riwaya ya mtu mwingine, na yake mwenyewe akaiandika usiku, kwenye daftari ambalo profesa hataliona. Kwingine mlango ulifunguliwa zamani. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilitangaza mwaka 1922 kwamba kitapokea kazi ya sanaa kuwa tasnifu, na Uingereza ikafuata baadaye sana. Kawaida mtahiniwa huleta vitu viwili: kazi yenyewe, iwe riwaya au diwani, na maelezo marefu ya kitaaluma yanayoonyesha ameijengaje na imesimama juu ya mabega ya nani. Kisha huketi mbele ya watahini na kuulizwa.

Waafrika Mashariki wamekwisha kuipita njia hiyo. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda aliiandika *Kintu* akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Lancaster. Riwaya hiyo inaifuata laana ya ukoo mmoja kutoka Buganda ya mwaka 1750 mpaka Kampala ya 2004. Wachapishaji wa Uingereza waliiona ni ya Kiafrika mno. Nairobi iliipokea: ilishinda shindano la miswada la Kwani? mwaka 2013, ikatoka kitabu mwaka uliofuata. Peter Kimani wa Kenya alipata udaktari wake wa utunzi Chuo Kikuu cha Houston mwaka 2014, na *Dance of the Jakaranda*, riwaya yake ya reli na ukoloni, ikachapishwa mwaka 2017.

Nusu ya kwanza ya kazi ya mtahiniwa, riwaya yenyewe, haihitaji wakili. Ninayotaka kuisifu ni nusu ya pili, yale maelezo ya kitaaluma yanayodharauliwa na watunzi wengi kwa kudhani kwamba msanii akieleza alivyofanya, uchawi utamtoka. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania anatosha kuwajibu. Alikwenda Wisconsin akiwa tayari mwandishi wa *Rosa Mistika*, akatetea mwaka 1985 tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Haikuwa shahada ya utunzi, lakini angalia kilichofuata: *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, vitabu vyembamba vilivyoivunja riwaya ya Kiswahili na kuisuka upya. Msomaji anaona wazi kwamba maswali aliyoyauliza kama msomi yalimfungua mkono kama mtunzi. Kufikiri hakukuua chochote ndani yake.

Ufuo huu una sababu yake ya kuithamini nusu hiyo ya pili. Mwezi wa Aprili 1858 wapelelezi Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wana wa mwami wa hapa waliwaambia kwamba unaingia. Hilo ndilo lililokuwa jibu sahihi, nao walilijua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Bado wasomi wa Ulaya waliendelea kubishana mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika kwenye mlango wa mto na kuona wenyewe. Wavira walikuwa na ukweli, ila hawakuwa na ukurasa wa kuutetea mbele ya watu wasiowajua. Mtunzi wa hapa akiandika sura nzima kueleza amejuaje analolijua, na kwa nini amelisema kwa namna hii na si ile, anajaza pengo hilo.

Na kujua huko ni kazi ya mwili. Tuseme kijana anataka kuandika riwaya ya wavuvi wa Kalundu, hapa hapa Uvira. Itambidi ajue kwamba ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi ukijaa mitumbwi hubaki mchangani kwa kuwa taa haiwavuti tena samaki. Ajue lusenga, ule wavu wenye mpini wa kuchotea, ulifanya kazi vipi kabla nyavu kubwa hazijaenea. Abishe hodi kwenye Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia hapa mjini, aambiwe kwamba ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina uhai kwenye tabaka la juu tu, na kwamba chini yake maji hayana oksijeni kabisa. Asimame kando ya mto Mulongwe na waliopoteza nyumba katika mafuriko ya Aprili 2020, asikilize mpaka waache kumwambia yale wanayowaambia watu wa misaada. Riwaya inayoandikwa kwa haraka haiwezi kusubiri hayo. Shahada ya uzamivu humpa mtunzi miaka kadhaa ya kusubiri kwa ruhusa, na katika nchi ambamo mwandishi huishi kwa kufundisha vipindi na kukimbizana na karo, ruhusa hiyo ni utajiri.

Wapo watakaosema jambo hili ni la kigeni. Mimi naona kinyume. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga kaskazini-magharibi mwetu, Shekarisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, akiigiza, huku wasaidizi wakipiga mdundo na wasikilizaji wakiitikia. Biebuyck na msomi Mnyanga, Kahombo Mateene, waliuchapisha mwaka 1969. Rureke alikuwa ameupokea kutoka kwa fundi aliyemtangulia, na aliutoa mbele ya watu wanaoujua, watu ambao wangesikia mara moja kama ameruka kitu. Karibu zaidi na sisi, Warega, na Wabembe wa Fizi walio jirani zetu kusini, walikuwa na bwami, chama chenye daraja juu ya daraja la mafunzo. Warega walikuwa pia na mutanga, kamba iliyotundikwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja na methali yake. Kuikumbuka methali hakukutosha. Ilibidi kujua inafungua nini. Tungo na ufafanuzi wake vilikaa katika kinywa kimoja. Serikali ya kikoloni ilipoipiga marufuku bwami, ilifunga shule ya neno iliyokuwa na watahini wake.

Ndiyo maana sioni aibu kumshauri kijana wa Uvira aiwanie shahada hii popote itakapopatikana. Naona haya, hata hivyo, kumwambia aridhike na baraza la Lancaster au Houston peke yake. Watahini wa huko wanaweza kumuuliza juu ya umbo, sauti na muundo wa wakati, na wanaweza kuuliza vizuri kuliko sisi. Hawawezi kumuuliza kwa nini mvuvi wake ameingia ziwani usiku wa mwezi mpevu.

Wala hilo si jambo dogo likifika kwenye vifo. Mwisho wa mwaka 1998 raia waliuawa kwa mamia huko Makobola, kusini kidogo tu mwa mji huu. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, ng’ambo tu ya mpaka wa Burundi. Sandra Uwiringiyimana, aliyekuwa msichana mdogo usiku ule, ameandika kumbukumbu yake, nayo ikatoka mwaka 2017. Riwaya ya ufuo huu itapita Makobola na itapita Gatumba, na mtunzi wake atakuwa na kishawishi cha kulia upande mmoja. Hapo maswali ya watahini huacha kuwa desturi ya chuo. Kwa nini umempa huyu jina na yule ukamwita “mtu”? Nani aliyekuambia? Ulimuuliza nani mwingine?

Kwetu Kongo kutetea tasnifu ni jambo la hadhara. Akina mama huja na vitenge vya sare, wajomba hukaa mstari wa mbele, na mtaa mzima husubiri kusikia uamuzi wa baraza. Desturi hiyo tunayo tayari. Ningependa kuona ukumbi wa namna hiyo ukiandaliwa hapa kwa ajili ya riwaya, pamoja na maprofesa wake, na kando yao mvuvi wa Kalundu, mama aliyenusurika Makobola na mama aliyenusurika Gatumba. Mtahiniwa awasomee kwa Kiswahili kurasa zile zile, asichague nyingine kwa ajili ya kila mmoja, awajibu, kisha arudi nyumbani na orodha ya marekebisho.