Kulala Mlimani Mle

Nan Shepherd hakuwa na haraka na mlima, wala hakuwa na haraka na kitabu chake. The Living Mountain alikiandika Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, akampelekea rafiki yake, mwandishi Neil Gunn, ambaye alikisifia lakini akaona kumpata mchapishaji haitakuwa rahisi. Kikalala kwenye droo hadi mwaka 1977. Miaka minne baadaye mwandishi alifariki. Leo sura yake iko kwenye noti ya pauni tano ya Royal Bank of Scotland, na kitabu chake chembamba kimekuwa kama msahafu kwa vijana wa Uingereza wanaotoka jioni za Juni na hema mgongoni, wakatembea usiku kucha au wakalala popote palipo tambarare.

Wanachokipenda zaidi ni wazo lake kwamba mlima si kitu cha kupandwa tu, bali ni mahali pa kuingia. Milima ya Cairngorm, kaskazini-mashariki ya Scotland, ina vilele vya kutosha kumridhisha mwenye kuhesabu vilele; Ben Macdui peke yake una mita 1,309. Shepherd alianza kama wengine, akiwania kilele, kisha kilele kikamtoka moyoni. Kwa Kiingereza wazo hili linasomeka kama uvumbuzi mkubwa. Kiswahili kinalipokea bila taabu, kwa sababu "mlimani" yetu ina milango mitatu: mlimani pale, mlimani kule, mlimani mle. Mpanda Kilimanjaro anayetoka kambini usiku wa manane ili jua limkute Uhuru, apige picha, ateremke, yeye yuko kwenye "pale". Usiku kwake ni ngazi. Shepherd aliishi kwenye "mle".

Ndiyo maana sura ninayoiona kuwa roho ya kitabu si ya kwanza, inayonukuliwa kila mahali, bali ya kumi, iitwayo "Usingizi". Ni fupi mno. Hoja yake ni kwamba hujaujua mlima mpaka ulale juu yake. Si kupumzika ili kesho uendelee. Kulala kwenyewe ndiko kujua. Mwili ukilegea, akili ikaacha kupanga njia, kinachobaki ni kuwa pale. Kisha kuna kuamka: sekunde chache ambazo hujakumbuka uko wapi, na jiwe na anga vinakujia kabla ya majina yake. Shepherd anazitamani sekunde hizo kuliko kilele chochote. Sijui mwandishi mwingine wa milima aliyethubutu kuweka kilele cha kitabu chake kwenye saa ambazo hakuona kitu.

Katikati ya Juni, huko karibu na nyuzi 57 kaskazini, jua linazama kama saa nne usiku na kuchomoza saa kumi na kitu. Saa zetu, zinazohesabiwa toka jua litoke au litue, zingechanganyikiwa. Hata jua likishazama, kwenye uwanda wa juu mwanga haukubali kuondoka. Bondeni kumeshakuwa giza wakati juu bado kuna weupe. Shepherd anauandika mwanga huo bila mapambo, na ukimsoma unaelewa kwa nini mtu angeacha kitanda chake. Usiku wa namna hiyo haumfichi mtu. Kwa msomaji wa kike wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye usiku amefundishwa kuuogopa kabla ya kufundishwa kusoma, kurasa hizi zina uzito ambao wasifu wa kawaida wa kitabu hiki hauugusi. Kwetu watu hulala nje msibani, au kwa sababu hawana pa kwenda. Hapa kuna mwanamke, mwalimu wa walimu, anayelala nje kwa kupenda, na wala haombi radhi.

Swali kama usingizi ni sehemu ya matembezi lilifika hadi mahakamani. Huko Dartmoor, kusini-magharibi mwa England, sheria ya mwaka 1985 inawapa watu haki ya kuingia kwenye ardhi ya malisho kwa ajili ya burudani ya nje. Januari 2023 Mahakama Kuu ilikubaliana na wenye ardhi kwamba kupiga kambi hakumo kwenye burudani hiyo. Mahakama ya Rufani ikatengua Julai mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikawapa wapiga kambi ushindi. Wanasheria walibishana kwa umakini kabisa iwapo aliyefumba macho bado anaburudika. Sura ya kumi ya Shepherd ingewafupishia kazi.

Lakini hapohapo ndipo kitabu kinapoyumba. Suala la nani mwenye mlima halimsumbui Shepherd vya kutosha. Maeneo makubwa ya Cairngorm yalikuwa mashamba ya wakubwa, yaliyotengwa kwa uwindaji wa kulungu, na haki ya kutembea na kulala huko iliandikwa katika sheria ya Scotland mwaka 2003 tu. Wenyeji anawaandikia kwa upendo, watu wa mashamba madogo waliomfungulia milango, ila mlima wake unaelea kana kwamba hauna hati. Sura ya mwisho nayo inaniacha baridi. Baada ya kutuonyesha kwa mikono, miguu na ngozi, anageuka kueleza maana ya yote, anafika hadi kwa mahujaji wa Kibudha, na maelezo yanakuwa mepesi kuliko mawe aliyokwisha kutushikisha.

Kifo hakukificha. Kwenye sura ya barafu na theluji wamo vijana wawili waliopotea katika dhoruba na kufa. Wanaotumia kitabu hiki kama tangazo la mahema huruka ukurasa huo.

Anayetaka kuanza aanzie sura ya kumi, kisha arudi ya kwanza. Ya kumi na mbili inaweza kusubiri.