Mashaka ya "Sauti ya Juu"

Katika tafsiri za sayansi ya usikivu, mlio wenye mitetemo mingi kwa sekunde aghalabu huitwa "sauti ya juu", na wenye mitetemo michache "sauti ya chini". Istilahi hizi hatuziafiki. Mswahili akiambiwa asome kwa sauti ya juu haigi mlio wa mbu, hupaza sauti. Kwake juu na chini ni vipimo vya nguvu.

Kasoro hii hudhihirika tukiwaendea wanyama. Kiswahili si maskini katika uwanja huu: simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku hutetea, nyuki huvuma. Mlio wa mbu, kwa mizani ya mtafsiri, ni wa juu kuliko wa simba, ingawa ni hafifu hata hatuusikii mpaka atufikie sikioni! Tembo ni kinyume chake. Katika miaka ya 1980 Joyce Poole na Katharine Payne, wakiwachunguza tembo wa Amboseli nchini Kenya, walionyesha kwamba wanyama hao huitana kwa ngurumo ambazo baadhi hushuka chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu halikipati. Karibu na mnyama ngurumo hizo huweza kupita desibeli 100, na tembo wengine huzipokea wakiwa kilometa kadhaa. Kuziita "sauti za chini" ni kumfanya mwanafunzi adhani kwamba tembo hunong'ona. Wala "sauti zisizosikika" si jina la kutosha, kwani popo naye hutoa sauti tusizozisikia, lakini nyingi za kwake huzidi mitetemo 20,000. Isitoshe, tembo wenyewe wanasikia.

Suala hili halikomei darasani. Saza, wilayani Songwe, ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi huko tangu 1939 hadi 1956, na uchimbaji wa wilaya hiyo haukuishia hapo. Mtu ashindaye kando ya karasha la kupondea mawe, sikio lake huanza kudhoofika kwa milio ya mitetemo baina ya 3,000 na 6,000. Nyenje wa usiku humpotea, sauti za s na f humchanganya, ilhali ngurumo ya lori huipata barabara. Mpimaji akimwuliza kama anasikia sauti za juu, atajibu kwamba anazisikia, tena sana. Kwa Kiswahili amejibu sawasawa. Ugonjwa wake umepita bila kuonekana.

Lugha yenyewe inatosha kutuondolea mashaka haya. Watu husema sauti nene na sauti nyembamba, na kwa upande wa nguvu, sauti kubwa na sauti ndogo. Basi tembo ana sauti nene na kubwa, mbu nyembamba na ndogo. Watakaoliona "nene" kuwa neno la barazani mno tunawaomba watupe jingine lisilopotosha. "Masafa", linalotumika kwa idadi ya mitetemo, lina ila yake: ni umbali pia, na msomaji wa "mlio wa masafa makubwa" atadhani mlio huo unafika mbali. Hapo tungependelea "marudio".