Sadfa Iliyohesabiwa Kuwa Undugu

Ramani zinazotumia mtawanyiko wa majina ya ukoo ili kukisia ni jamii zipi zimechanganyikana na zipi zimejifungia zimekuwa nyingi, na msomaji aliyezizoea anajua jinsi rangi zake zinavyovutia; hata hivyo, nyingi kati yake zimesimama juu ya uamuzi mmoja wa mwaka 1965 ambao haukustahili kutoka nje ya jumuiya ndogo uliyoifaa. Mwaka huo wanajenetiki James Crow na Arthur Mange walichapisha njia ya kupima ndoa za ndugu kwa isonimia, yaani hali ya mume na mke kuwa na jina moja la ukoo kabla ya kuoana, na walipofika mahali pa kuitenga sadfa na undugu waliitenga kwa ustadi, kisha wakairudisha.

Msingi wa njia yenyewe ni mzuri. Mahali ambapo mtoto hurithi jina la ukoo la baba (si pwani ya Afrika Mashariki, ambako jina la tatu mara nyingi ni la babu na hubadilika kila kizazi), jina husafiri sambamba na kromosomu Y, ile sehemu ya urithi ambayo baba humpa mwanawe wa kiume peke yake. Ndoa za watoto wa ndugu ni za aina nne, kwani mume aweza kumwoa mtoto wa ami yake, wa shangazi yake, wa mjomba wake au wa mama yake mdogo, na ni aina ya kwanza tu ambayo kwa kawaida huwakutanisha wenye jina moja. Kwa hiyo, aina zote zikiwa na wingi sawa, robo ya ndoa hizo itakuwa ya isonimia. Mtoto atakayezaliwa ana uwezekano wa 1/16 wa kurithi nakala mbili za jeni ileile kutoka kwa mhenga mmoja, na 1/16 ni robo ya 1/4. Uwiano huo hurudi kwa wajukuu wa ndugu, 1/64 kwa 1/16, na ndiyo maana kanuni huigawa isonimia kwa 4.

Crow na Mange waliipasua isonimia mafungu mawili. La kwanza ni ndoa za jina moja zinazozidi zile ambazo zingetokea kama watu wangeoana bila kuchagua. La pili ni zile za sadfa tupu, ambazo hupatikana kwa kuzidisha sehemu ya wanaume wenye jina fulani kwa sehemu ya wanawake wenye jina hilohilo, kisha kujumlisha majina yote. Hapo ndipo palipokuwa pa kuliweka kando fungu la pili. Badala yake nalo liligawanywa kwa 4 na kuhesabiwa undugu, kwa dhana kwamba kila jina lina mwasisi mmoja, hivyo wawili wanaoshiriki jina wanashiriki mhenga hata wakikutana kwa bahati. Kwa Wahutteri wa Amerika Kaskazini, jumuiya ya Kikristo iliyotokana na waasisi wachache, dhana hiyo inavumilika. Kwa taifa zima haivumiliki hata kidogo.

Korea inatosha kuionyesha. Karibu mtu mmoja kati ya watano huko anaitwa Kim. 1/5 mara 1/5 ni 1/25, na ikigawanywa kwa 4 inakuwa 1/100, kwa jina moja tu, kiasi ambacho ni zaidi ya nusu ya kipimo cha mtoto aliyezaliwa na wajukuu wa ndugu. Hao akina Kim ni koo nyingi zinazotofautishwa kwa mahali pa asili, na sheria iliwakataza wenye jina moja na asili moja kuoana hadi Mahakama ya Katiba ilipoitengua mwaka 1997. Kanuni inaitwika mzigo wa undugu nchi iliyopiga marufuku ndoa za undugu huo. Wales nako Jones maana yake ni mwana wa John, na akina John wasiohusiana walikuwa wengi.

George Darwin, mwana wa Charles, hakuanguka hapo. Mwaka 1875, miaka 90 kabla ya Crow na Mange, alikusanya matangazo ya ndoa katika gazeti la Pall Mall Gazette, akahesabu yenye jina moja, akakadiria ni mangapi yangetokea kwa sadfa kutokana na wingi wa majina kama Smith, akayatoa na kuyatupa. Wala hakutegemea nadharia peke yake kujua ni sehemu gani ya yaliyobaki ilikuwa ya watoto wa ndugu, bali alituma barua za maswali. Ndoa ya wazazi wake ilikuwa ya aina ambayo isonimia isingeiona: Charles Darwin alimwoa Emma Wedgwood, mtoto wa mjomba wake. Uangalifu wa namna hiyo haujarudi kikamilifu katika fani hii.

Ubaya ni kwamba ramani hazioni ndoa kabisa. Orodha ya simu, ambayo nyingi kati ya ramani hizo huchorwa kutokana nayo, haisemi nani amemwoa nani, haina wasio na simu, na mara nyingi huandika jina la mume kwa nyumba nzima. Kinachobaki ni wingi wa majina, yaani lile fungu la sadfa ambalo Darwin alilitupa. Gabriel Lasker alilipa sura ya kipimo mwaka 1977, na shaka alizoziandika Alan Rogers mwaka 1991 hazikuizuia kazi kuendelea. Bryan Sykes na Catherine Irven walizidisha matumaini mwaka 2000 kwa kulipima jina moja tu, wanaume 48 na alama nne za kromosomu Y. Turi King na Mark Jobling ndio waliofanya ilivyopasa: mwaka 2006 walipima jozi 150 za wanaume wa Uingereza, kila jozi ikiwa na jina moja, na takriban 24% tu zilionyesha mhenga wa karibu, huku sehemu hiyo ikikaribia nusu kwa majina adimu. Walipopanua utafiti mwaka 2009, akina Smith hawakuonyesha undugu wowote wa maana.

Jina adimu, basi, lina habari. Jina la kawaida halina. Kikundi cha watafiti cha Bowden kililitumia jambo hilo vizuri mwaka 2008 huko Wirral na West Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kilipowachagua wanaume ambao majina yao yamo katika kumbukumbu za eneo hilo za zama za kati, kikakuta kwao asili ya Skandinavia nyingi kuliko kwa wale waliochaguliwa kwa sababu tu babu zao waliishi hapo. Jina lilitumika kama chekecheke la kuchagua watu, na kipimo chenyewe kikaachiwa kromosomu. Wachora ramani wanaweza kuanza na kazi ndogo zaidi ya hiyo, nayo ni kuyaondoa majina ya kawaida katika data walizo nazo na kuichapisha ramani ya pili kando ya ile ya kwanza.