Moyo Usiotafsiriwa: Uhakiki wa Vipimo vya Utafiti wa Elimu ya Taaluma za Afya, Lilongwe na Dzaleka

Watafiti wa elimu ya taaluma za afya hutumia sana ngazi 4 alizozieleza Donald Kirkpatrick kuanzia mwaka 1959: mwitikio wa mwanafunzi, alichojifunza, mabadiliko ya utendaji wake, na matokeo. Tafiti nyingi huishia ngazi 2 za mwanzo, kwa kuwa kugawa hojaji ni rahisi kuliko kumfuata mhitimu hadi kitandani pa mgonjwa. Makala haya yanadai kwamba, nchini Malawi, upungufu huo ni wa kimbinu na wa kilugha pia.

Lilongwe ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kamuzu, kilichoundwa mwaka 2021 kwa kuunganisha Chuo cha Tiba na Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu. Mwanafunzi husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hukutana na mgonjwa anayezungumza Kichewa. Kilomita zisizozidi 50 kutoka mjini, wilayani Dowa, ipo Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 imepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha.

Tuchukue neno moja. Kwa Mswahili, *moyo* ni kiungo, na pia ni makao ya huzuni na hofu. Kwa Mchewa, kiungo hicho ni *mtima*. *Moyo* ni uhai, na ndilo shina la *zaumoyo*, yaani mambo ya afya. Mkimbizi akisema moyo unamuuma, muuguzi anaweza kusikia neno analolijua na kukosa maana iliyokusudiwa. Hojaji ya Kiingereza haiwezi kulinasa kosa hilo, kwa sababu hakuna aliyetambua kuwa limetokea.

Yapo maoni kwamba mkalimani anatosha. Hoja hiyo ina uzito, lakini mkalimani akiwa mtoto wa mgonjwa, siri ya uzazi au ya ukatili haitatamkwa. Suluhisho la kudumu ni kuwafunza wazungumzaji wenyewe. Hapo sera inazuia: Malawi, katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilivichukulia vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira na elimu ya umma, kuwa mapendekezo tu. Wakati huohuo, SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Lugha imekaribishwa mikutanoni. Wazungumzaji wake wangali mlangoni.

Kwa hiyo, watafiti wanashauriwa kuongeza kipimo kimoja: mgonjwa aeleze upya, kwa lugha yake, aliyoagizwa kuhusu dawa. Washauri wa sera nao wafungue nafasi za mafunzo kwa vijana wa Dzaleka. Bila hayo, alama za mwanafunzi zitaendelea kupanda huku mgonjwa akirudi nyumbani na kidonge asichojua anakimeza lini.