Kapeti Lililosafishwa Kweli: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Kale

Mwenye Peugeot 504, au gari jingine la umri wake, hapa Bombambili na kwingineko mjini Songea, aghalabu hurudishiwa gari lake baada ya kiowevu kuvuja ndani likiwa na kapeti lililochanuliwa kwa brashi na kunyunyiziwa manukato, na kwa kuwa jicho lake limeridhika, hulipa ujira akaenda zake. Ilhali kazi aliyoilipia imefanywa usoni tu, na uchafu wenyewe umejificha chini. Kazi hii haihukumiwi kwa sura ya kapeti, bali kwa hali ya kile kilicholalia bati la sakafu.

Fundi mstahiki hutambulikana kabla hajashika ndoo, kwa kuwa huuliza kwanza ni kitu gani kilichovuja, kisha huinama, akagusa na kunusa. Kulanti, yaani kiowevu cha kupozea injini, hutoka katika rejeta ndogo ya hita iliyofichwa chini ya dashibodi. Harufu yake ni tamutamu, hunata vidoleni, huacha ukungu wa utelezi katika kioo cha mbele, tena ni sumu kwa mtoto au mbwa atakayeilamba. Kiini chake huchemka kwa nyuzi 197 za Selsiasi, kwa hiyo anayetumaini kwamba jua litaikausha hajui anachokifanya: maji yake yatakwenda, yenyewe itabaki, na haitoki ila kwa kusuuzwa mara nyingi. Mafuta ya breki na ya klachi huteremka toka masta silinda kwa njia ya pedali hadi penye miguu ya dereva, na madhara yake makubwa hayako katika kapeti, bali katika rangi ya bati, ambayo huyeyuka na kuifungulia kutu mlango. Haya nayo, yakiwa ya aina ya kawaida, hukubali maji. Oili ya injini au ya giaboksi haikubali. Hiyo hunyonywa kwanza kwa unga wa msumeno, ndipo sabuni ifuate. Na mwenye Volkswagen ya zamani, ile yenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa, akikuta kapeti limelowa asimsikilize anayemtajia kulanti, maana injini ile haina.

Lililo kubwa kuliko yote ni kung'oa. Chini ya kapeti la gari la kale pana tabaka nene la nyuzi zilizoshindiliwa, na tabaka hilo hunywa kiowevu kingi kuliko kapeti lenyewe na kukihifadhi kwa miezi. Basi mteja na atazame vichwa vya bolti za siti: vikiwa na vumbi na kutu ile ile ya zamani, siti hazikutolewa, na siti zisipotolewa kapeti halikuinuliwa. Aombe pia kuliona bati lenyewe, kama lilifutwa, likakwanguliwa kutu, likapakwa rangi mpya kabla ya kufunikwa. Tabaka lililoshiba oili halifai kuoshwa. Fundi mwaminifu hulitupa na kukata jipya kwa kipimo cha lile la kwanza, na gharama hiyo ni ya haki.

Katika kuosha, ustadi huonekana kwa uchache wa sabuni. Povu lisilosuuzwa likaisha hukaukia ndani ya nyuzi na kuvuta vumbi, hata baada ya wiki chache kapeti likawa jeusi kuliko awali. Maji ya moto huweza kulikunyata kapeti lenye mgongo wa juti, likarudi fupi lisifike kizingitini. Na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huharibu sufu bila tiba.

Kisha ni saburi. Kapeti linapokauka, unyevu hupanda toka chini na kuuleta uchafu juu, ndiyo sababu doa lililotoweka jioni huonekana tena kesho kutwa. Fundi anayelijua hili hulianika kivulini penye upepo, akangoja doa lirudi, akaliosha mara ya pili. Katika mvua za Songea, toka Desemba hadi Aprili, usipokee kapeti lililooshwa asubuhi na kurudishwa jioni ile ile.

Siku ya kupokea gari, laza kitambaa cheupe penye doa, ukigandamize kwa kitu kizito usiku kucha. Kikitoka na rangi au unato, kazi haijaisha. Kisha funga vioo vyote, uliache gari juani adhuhuri, na ufunguapo mlango uvute pumzi. Lisilo na harufu yoyote limesafishwa. Lenye kunukia maua linastahili shaka. Mwishowe iwashwe injini hadi ipate moto, hita ifunguliwe, na mkono upitishwe chini ya dashibodi, kwa maana kusafisha kapeti chini ya hita inayovuja ni kupoteza fedha.

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na zilizobakia zinastahili kutunzwa. Nakusihi, msomaji, fundi akikuomba siku tatu au nne mpe, na usimpunje ujira wake.