Utani Uliokatwa Mkono

Hakuna neno linalotumiwa ovyo siku hizi katika habari za mpira kama neno "watani wa jadi". Kila Simba na Yanga wakikaribia kukutana, watangazaji hulisema, magazeti huliandika, na watoto wa chuo hulirudia wakitoka kusoma. Ukimwonya mtu kuwa maneno aliyomwambia mwenziwe yamepita kiasi, atakujibu upesi, "Ah, huo ni utani tu." Basi na jambo likaishia hapo, kana kwamba neno hilo ni hirizi ya kumkinga asemaye na kila lawama.

Tumezoea kuyapima mashairi na kasida, vina na mizani yake na maana yake. Sioni kwa nini usemi wa mashabiki wa mpira usipimwe vivyo hivyo, maana katika nyumba nyingi za pwani na huku kwetu milimani usemi huo husikika kuliko shairi lolote. Na kwa kuwa wenyewe wamejivika jina la watani, haki ni kuwapima kwa jina hilo hilo.

Utani haukuzaliwa uwanjani. Ulikuwapo katika nchi hii kabla haujaletwa mpira wa ngozi, baina ya makabila yaliyowahi kupigana kisha yakapatana, baina ya watu waliokutana katika misafara, baina ya babu na mjukuu, na baina ya mabinamu. Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara ya mashariki, na ambaye ulimwengu wamjua zaidi kwa elimu yake ya ndege, lilimshangaza jambo hili hata akaliandikia makala mwaka 1941, na nyingine mwaka 1944. Alikuja kusikiliza ndege msituni, akayasikia na maneno ya watu. Walakini wazee wetu hawakuhitaji kungoja kuambiwa na Moreau. Walijua kuwa mtani aweza kukuita jina la kuchekesha mbele ya wakwe zako, aweza kukamata kuku uani kwako akenda naye, na wewe ukikasirika ndiwe utakayehesabiwa kuwa mkosa.

Lakini ruhusa hiyo haikutolewa bure. Mtani alikuwa na kazi, na kazi yake kubwa ilikuwa msibani. Nyumba ikifiwa, mtani hakungoja kupelekewa habari mara mbili. Alikuja akashika jembe, akachota maji, akapasua kuni, akahudumia wageni, na katikati ya kilio akasema neno moja la mzaha likamfanya mfiwa atabasamu bila ya kupenda. Hakuna mwingine aliyeweza kuthubutu kusema neno lile siku ile. Yeye aliweza, kwa sababu kila mtu alikuwa akiona udongo mikononi mwake. Ulimi wake ulilindwa na mkono wake.

Wala hatusemi kuwa kila walilolifanya watani wa zamani lilikuwa halali. Yalikuwamo matusi ambayo Muislamu hana njia ya kuyatetea, na ilikuwapo mizaha juu ya maiti ambayo sheria yetu haiikubali. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitaniana na Masahaba zake, lakini alisema mwenyewe kuwa hasemi ila lililo kweli. Hiyo ni mizani nyembamba sana, na wengi wa watani wa kale wasingeivuka. Ninalolitaka hapa ni jambo moja tu, kwamba utani ulikuwa mkataba wenye pande mbili, na mashabiki wa leo wameuchukua upande mmoja.

Twende sasa kwa hao mashabiki. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, kwa jinsi inavyosimuliwa, baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda klabu yao, ambayo baada ya kupitia majina mengine iliitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Yaani hawa si maadui waliotoka pande mbili za dunia. Ni ndugu waliogawana nyumba, na mitaa yao, Jangwani na Msimbazi, mtu huenda kwa miguu kutoka mmoja hadi wa pili. Kwa asili hiyo, jina la watani lingewafaa sana.

Na insafu yatupasa kukiri kuwa usemi wao una ufundi. Nimewasikia vijana katika baraza za kahawa, Lushoto mjini na chini Mombo, wakijibizana kwa mafumbo ambayo malenga asingeona haya kuyaweka katika beti zake. Kijana mmoja husema neno la kawaida kabisa, juu ya mvua au bei ya viazi, na wote wakaangua kicheko kwa kuwa wamejua mshale umekwenda kwa nani. Huo ni Uswahili hasa. Mwenye kuucheka wote kuwa ni upuuzi hajui lugha yake.

Ila yake kubwa ni kuwa haufi. Shairi la kujibizana lilikuwa na mwisho wake: mmoja alishindwa kujibu, akakubali, watu wakaenda zao. Majibizano ya mpira hayana siku ya kufungwa. Mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Leo yupo kijana wa miaka 20, ambaye pengine baba yake alikuwa hajazaliwa mwaka huo, anamrushia mwenziwe hayo mabao 6 kana kwamba aliyafunga yeye jana alasiri. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga nayo iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na tangu siku ile vidole vitano vimekuwa silaha. Kiganja ambacho mtu hukinyoosha kumpa mwenziwe mkono, sasa akikifumbua tu barabarani mwingine ananuna.

Wanazuoni wa sira na tafsiri wamesimulia kisa cha Shas bin Qays wa Madina. Alipita akawaona Aus na Khazraj wamekaa pamoja baada ya Uislamu, wakizungumza kwa mapenzi, na hali makabila hayo yalikuwa yamepigana miaka mingi. Likamuudhi. Hakuwatia upanga mikononi. Alimtuma kijana akae kati yao awakumbushe siku ya Bu'ath, waliyopigana zamani, na awasomee mashairi yaliyotungwa siku ile. Basi haikuwa ila hayo. Watu wakajifakharisha, sauti zikapanda, wakaitana kwenda nje kushika silaha, mpaka Mtume (S.A.W.) akawajia mwenyewe na kuwatuliza, nao wakalia wakakumbatiana. Aliyewakoroga hakusema uwongo hata mmoja. Vita vya Bu'ath vilikuwa kweli, na mashairi yalikuwa kweli. Vivyo hivyo mabao 6 ni kweli, na 5 ni kweli. Basi pengine hata mizani ya kusema kweli haitoshi peke yake, ikiwa kweli yenyewe imefukuliwa ili ichome.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Laiti ingekuwa hivyo. Mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na ushindani wake wenyewe, baina ya Coastal Union na African Sports, na uwanja wake ni Mkwakwani. Coastal Union, iliyoundwa mwaka 1948, huitwa Wagosi wa Kaya, na jina hilo wenye milima hatuhitaji kufasiriwa: mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Klabu ya mjini pwani imejipamba kwa maneno ya lugha ya Usambara, na kwa hivyo watu wa huku juu waliihisi kuwa ni yao, ijapokuwa bahari wengine wao wameiona mara chache. Mwaka 1988 ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na mpaka leo wazee wa mpira wakikaa Lushoto hutaja mwaka huo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mali iliyopotea.

Ushindani huo ulikuwa wa kienyeji, na hiyo ndiyo iliyokuwa baraka yake. Shabiki wa Coastal na wa African Sports walisali safu moja, walinunua samaki kwa mchuuzi mmoja, na mmoja akifiwa mwingine hakuwa na njia ya kujificha. Ulimi na mkono vilikuwa bado karibu karibu. Walakini tazama ulivyokwisha. Msimu wa 2015/16 ligi kuu ilikuwa na timu 16, na tatu zilitakiwa kushuka. Zikashuka Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zote tatu za mkoa wa Tanga. Nilitazamia kuwa siku ile mashabiki watakaa chini waulizane imekuwaje nyumba nzima ikaanguka. Niliyoyasikia mimi ni kubishana nani ameshuka kwa heshima zaidi! Coastal ilirudi kwa msimu wa 2018/19, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne, Mungu aizidishie. African Sports haikurudi pamoja nayo, na bila ya yeye kuwapo ule ushindani wa mji umebaki katika hadithi. Wachache waliobaki nao wanazidi kuwa wakali kadiri wanavyopungua, wakigombania rekodi ambazo vijana hawana habari nazo.

Vijana wenyewe wamekwenda wapi? Wamekwenda Simba na Yanga. Panda gari kutoka Mombo hadi Lushoto, uhesabu fulana nyekundu, na za kijani na njano, hapo Soni sokoni. Ushindani wa jirani wameubadili kwa ushindani wa watu wasiowaona, unaowajia kwa redio na simu, na wengine wametia ndani yake na kamari, ambayo haramu yake haihitaji makala. Mechi ya tarehe 8 Machi 2025 ilipoahirishwa siku ile ile kwa mzozo juu ya mazoezi ya jioni iliyotangulia, hata ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, watu wa huku ambao hawajapata kuliona geti la uwanja ule walivunjiana heshima juu ya nani alisimama getini. Tanga hawakuacha nafasi hata ya kuulizana habari za Mkwakwani.

Mwenye kutaka kujua kama mashindano yenyewe ni dhambi, na asome habari za ngamia wa Mtume (S.A.W.), aliyeitwa Al-Adhbaa. Ngamia huyu alikuwa hashindwi. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, wakashindana, bedui akashinda. Masahaba likawauma jambo hilo, na Mtume akalitambua nyusoni mwao. Hakuwakemea kwa kupenda ngamia wao ashinde. Wala hakumtafutia bedui ila. Aliwaambia tu kuwa ni haki kwa Mwenyezi Mungu, hakiinuki kitu katika dunia ila atakishusha. Naitazama hadithi hii kila mara na kustaajabu. Mtu bora kuliko wote alishindwa hadharani katika mbio, na jina la bedui yule hatukuambiwa hata kidogo katika kisa, wala hatusomi kuwa alizunguka Madina akiwacheka watu. Na aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, wanajua kuisoma kwa tajwidi wengi wa hao wanaoinua vidole vitano.

Nitataja jambo moja nililoliona, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika kijiji kimoja baina ya Soni na Lushoto wapo majirani wawili, mashamba yao yanatenganishwa na mstari wa migomba. Mmoja ni wa Simba na mwingine wa Yanga, na kwa miaka mingi hawakudhuriana kitu. Baada ya ile Novemba ya 2023, huyu wa Yanga alitundika magunzi matano ya mahindi kwenye mgomba wa mpakani, yakitazama mlango wa mwenziwe, na kila asubuhi akipita huyatikisa kwa fimbo. Watu walicheka, nami sikatai kuwa siku ya kwanza nilicheka. Siku ya kumi hapakuwa na wa kucheka. Mwenziwe akaacha kumwamkia, kisha wake zao wakaacha kuazimana chumvi.

Mwaka haukwisha, mama yake yule wa Simba akafariki. Jirani alikuja msikitini, akasali janaza safu ya nyuma, akarudi kwake. Kaburini hakufika, wala matangani. Baadaye nilipokutana naye nilimuuliza, "Mgosi, na wewe hukwenda kuzika?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Sheikh, ningekwendaje? Angedhani nimekuja kumcheka."

Nikamuuliza, "Si mwasema ninyi ni watani?" Hakunijibu hilo. Alinambia kuwa kutoka nyuma ya nyumba yake makaburini ni karibu, na kwamba siku ile alikaa huko peke yake akiyasikiliza majembe mpaka yaliponyamaza.